Na Mkewe: Maisha ya Mama Mmisionari katika Nchi ya Mara

(Hotuba iliyotolewa katika Adhimisho la Miaka Mia Moja ya Usharika)



Mtu anayefungua taarifa za zamani za kazi ya misheni katika Afrika Mashariki hukutana mara kwa mara na maneno mawili mafupi: "na mkewe". Mchungaji fulani na mkewe waliwasili kwa meli. Mmisionari fulani na mkewe walihamia kituo kipya. Bwana fulani na mkewe walirudi kwao kwa sababu ya ugonjwa. Jina la bwana limeandikwa kamili, pamoja na cheo chake, chuo alichosoma na tarehe aliyobarikiwa. Jina la mama limemezwa na maneno hayo mawili. Siku ambayo Usharika unamshukuru Mungu kwa miaka mia moja, ni haki kumtafuta mama huyo, kumtaja kwa jina lake, na kuuliza alitoa nini.

Mfano unaoletwa leo unatoka katika Mkoa wa Mara, katika nchi ya Musoma, Bunda na Butiama. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni deni la shukrani. Walutheri walipoanza kujenga sharika zao Musoma na Bunda, walikuta shamba ambalo makanisa mengine yalikuwa yameshalifyeka, yameling'oa visiki na kulipanda. Wakatoliki walikuwako, Waadventista walikuwako, na Wamennonite walikuwako. Anayevuna mahali ambapo mwenzake alilima hana budi kuuliza jina la mkulima. Sababu ya pili ni kwamba katika nchi hiyo, kwa umbali usiozidi mwendo wa siku moja kwa miguu, mama mmisionari na mama mwenyeji walipitia jaribu lililofanana, kila mmoja katika nyumba yake. Kuwatazama wote wawili kwa pamoja kunafundisha zaidi kuliko kumtazama mmoja.

Mwaka 1934 mambo mawili yalitokea katika nchi ya Mara, na hakuna aliyeyaunganisha wakati huo. La kwanza lilitokea Shirati, karibu na mpaka wa Kenya. Wajumbe wa Kanisa la Mennonite kutoka jimbo la Pennsylvania, Marekani, Orie Miller na Elam Stauffer, walifika hapo wakitafuta mahali pa kuanzia kazi. Miller alirudi kwao. Stauffer alibaki, na mwaka huohuo mkewe Elizabeth aliungana naye, pamoja na John Mosemann na mkewe Ruth. Kutoka Shirati kazi ilienea kusini: Bukiroba, karibu na Musoma, mwaka 1935; Mugango mwaka 1936; na Bumangi, katika nchi ya Wazanaki, mwaka 1937.

Jambo la pili la mwaka 1934 lilitokea Butiama. Mama mmoja wa Kizanaki, Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa Chifu Nyerere Burito, ambaye alikuwa na wake 22, alimwacha mwanawe aende shule. Mtoto huyo, Kambarage, alikuwa na umri wa miaka 12. Shule yenyewe ilikuwa Mwisenge, mjini Musoma, kiasi cha kilometa 40 kutoka Butiama, na ilikuwa ya bweni. Mtoto aliyezoea kuchunga mbuzi, kula katika chungu cha mamaye na kulala karibu na moto wake, aliondoka kwenda kwa watu wasiojulikana, kujifunza mambo ambayo mama yake hakuwa na njia ya kuyapima. Taifa zima linajua jinsi safari hiyo ilivyoishia. Mgaya hakujua. Mama anapofunga mzigo wa mtoto wake hapewi kusoma kitabu cha historia kitakachoandikwa baadaye. Huona tu mgongo wa mtoto ukiishia kwenye kona ya njia.

Mwaka 1936 aliwasili Tanganyika mama kijana kutoka Pennsylvania, jina lake Alta Barge Shenk, pamoja na mumewe Clyde. Kituo kilichokuja kuwa makao yao ni Bumangi, nchi ya Wazanaki, si mbali na Butiama. Mwaka 1937 akazaliwa mwana wao David, na wengine pia walizaliwa na kulelewa katika nchi hiyo. Kwa hiyo mama huyu hakuja Mara akiwa na watoto waliokwisha kukua. Umama wake wenyewe ulianza katika nchi ya Mara. Watoto wake waliijua mvua ya Uzanaki kabla ya kuijua theluji ya Pennsylvania.

Inafaa kusema wazi kazi ya mama wa kituo cha misheni ilikuwa nini katika miaka hiyo, kwa kuwa wengi huidhani kuwa ni kupika chakula cha mume na kuwapokea wageni. Mume aliposafiri kwa majuma kadhaa kwenda kuhubiri, kusimamia ujenzi au kuhudhuria vikao, kituo kilibaki mikononi mwa mkewe. Mwenye kidonda alikuja kwake. Mwenye mtoto mwenye homa alikuja kwake usiku, naye alitoka na taa ya mafuta ya taa huku watoto wake wamelala ndani ya chandarua. Aliwafundisha wanawake kusoma na kushona. Alifundisha watoto wake mwenyewe herufi mezani, na mezani hapohapo aliandika barua na hesabu za kituo. Kwinini ilikuwa dawa na ngome yake dhidi ya malaria, na kila mama alijua kwamba ngome hiyo ilikuwa na matundu. Kutoka Marekani, barua ilipita baharini, ikapanda garimoshi hadi Mwanza au Kisumu, ikavuka Ziwa Viktoria kwa meli hadi bandari ya Musoma, ndipo ikatafuta njia ya kufika kituoni. Mama aliyeandika kwao kwamba mtoto anaumwa alijua kuwa barua itakapofika, mtoto atakuwa amepona zamani au amezikwa zamani.

Wala haifai kuwageuza mama hawa kuwa malaika. Wapendwa, historia ya Kanisa isiyotaja udhaifu haimtukuzi Mungu, maana inamnyima nafasi ya kusamehe. Nyumba ya misheni ilikuwa na uzio wake, na mara nyingine uzio mgumu kuliko wote ni ule usioonekana kwa macho. Katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, mwenyeji alifika barazani na kuishia hapo. Wasichana wa Kiafrika waliwabeba watoto wa wamisionari mgongoni, wakawaimbia na kuwafundisha lugha, wakati wadogo zao wenyewe walilelewa na bibi kijijini. Watoto hao wa kigeni wakajua kusema kama wenyeji kuliko wazazi wao. Mtu akiuliza ni nani aliyewafundisha, jibu ni yaya ambaye jina lake halimo katika taarifa yoyote. Kama mama mmisionari aliandikwa "na mkewe", mama na dada mwenyeji aliyemsaidia hakuandikwa hata hivyo. Haki inayodaiwa leo kwa ajili ya mmoja ni haki ya wote wawili.

Uzio huo ulitikiswa mwaka 1942. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliokuwa umewaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ulifika Shirati mwaka huo na kuenea katika vituo vya Wamennonite. Kiini chake kilikuwa toba ya hadharani na kutembea katika nuru mbele ya ndugu. Haukuchagua rangi. Wamisionari nao walipiga magoti pamoja na Waafrika, wakakiri kiburi na kujitenga kwao, wakaomba msamaha. Mtu asiyeijua nchi ya ukoloni hawezi kupima uzito wa tendo hilo. Mzungu wa miaka hiyo alizoea kuombwa, kuomba hakuzoea. Na kwa mama wa kituo, toba kama hiyo ilikuwa na matokeo ya nyumbani. Ndugu aliyesamehewa mbele ya msalaba hawezi tena kuishia barazani. Lazima aingie ndani, aketi kwenye kiti, anywe chai kwa kikombe kilekile. Mafundisho makubwa ya upatanisho hupimwa jikoni na sebuleni kwa mama, na hapo ndipo huonekana kama ni ya kweli.

Lakini jaribu zito kuliko yote lilikuja watoto walipofikia umri wa kwenda shule. Wamisionari wengi wa Afrika Mashariki waliwapeleka watoto wao Kijabe, Kenya, katika Rift Valley Academy, iliyoanzishwa na Africa Inland Mission mwaka 1906. Baadaye Wamennonite walikuwa na shule ya watoto wao karibu na Musoma. Kwa familia zilizokuwa mbali, kwa vyovyote, shule ilikuwa bweni. Mtoto mdogo aliondoka na sanduku lake, akarudi likizo akiwa ameongezeka kimo na amepungukiwa na maneno ya kumwambia mamaye. Kanisa limezoea kumsifu mmisionari aliyeacha nyumba na nchi kwa ajili ya Injili. Mama huyu aliacha nyumba na nchi, kisha akatakiwa kuachana na mtoto pia, kwa miezi mingi ya kila mwaka, ili aendelee kuwafundisha watoto wa watu wengine. Hakuna takwimu ya kazi ya misheni yenye safu ya kuandikia gharama hiyo.

Hapa ndipo mama wa Bumangi na mama wa Butiama wanapokutana. Hakuna haja ya kudai kwamba Mgaya na mama hao wa kigeni waliketi na kuambiana habari za watoto wao. Inatosha kwamba nchi ileile, katika kizazi kilekile, iliona akina mama wa rangi mbili wakisindikiza watoto kwenda bwenini. Mmoja alimtoa mwanawe kwa sababu dunia mpya ilikuwa imefika mlangoni pake. Mwingine aliwatoa wake kwa sababu alikuwa sehemu ya dunia hiyo mpya, nayo ilimdai sawasawa na ilivyomdai jirani yake. Kambarage alibatizwa katika Kanisa Katoliki tarehe 23 Desemba 1943, akaitwa Julius. Mama yake naye alibatizwa baadaye, akaitwa Christina. Mama aliyemtoa mwana kwa ajili ya elimu alimpokea Kristo akiwa ametanguliwa na mwanawe.

Maandiko yanamjua mama wa namna hiyo. Hana alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, akampata Samweli, na alipomwachisha ziwa akampeleka Shilo akae na mzee Eli. Wahubiri wengi huishia hapo, kwenye sadaka. Lakini masimulizi yanaongeza jambo dogo: kila mwaka Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea. Ili kushona kanzu ya mtoto asiyekaa naye, ilimpasa kukisia kimo chake. Mwaka wa kwanza alikisia hivi, wa pili akaongeza kitambaa. Katika kukisia huko kuna maombi ya mama kuliko yaliyo katika vitabu vingi vya sala. Akina mama waliotajwa leo, wa Bumangi na wa Butiama, waliujua ukisiaji huo.

Mtu aweza kusema kwamba habari hizi ni za Wamennonite na Wakatoliki, na kwamba Usharika wa Kilutheri una yake. Ni kweli unayo, na mojawapo inapaswa kusimuliwa hapa kwa sababu inatoka katika miaka ileile ya Bumangi.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani wa Kilutheri katika Tanganyika walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na misheni zao zikabaki yatima. Wamisionari wachache wa Kanisa la Augustana la Marekani, waliokuwa wakitumika hasa Iramba na Singida, walitwishwa mzigo wa kuzitunza pamoja na viongozi Waafrika. Mmoja wao alikuwa Elmer Danielson, aliyefika Tanganyika mwaka 1928. Mkewe Lillian alikuwa amebaki Marekani na watoto wao sita. Mwezi Machi 1941 mama huyo aliwachukua watoto wote sita, mdogo wao akiwa bado mchanga, akapanda nao meli ya Kimisri iitwayo Zamzam ili amfuate mumewe. Meli hiyo ilikuwa na abiria wapatao 200. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamisionari na familia zao, na watoto peke yao walizidi 30.

Alfajiri ya tarehe 17 Aprili 1941, katika bahari ya Atlantiki ya Kusini, manowari ya Kijerumani iitwayo Atlantis, iliyojificha kwa umbo la meli ya biashara, iliipiga Zamzam kwa mizinga. Abiria walikimbilia mashua za kuokolea. Mashua aliyokuwamo Lillian Danielson na watoto wake ilijaa maji ikazama, nao wakawa baharini, mama mmoja na watoto sita, wakishikiliwa na maboya tu. Waliokolewa wote. Walioiangamiza meli ndio waliowavuta kutoka majini. Abiria wote walitolewa hai siku ile, ingawa mmoja wa majeruhi alifariki baadaye. Kesho yake walihamishiwa katika meli nyingine ya Kijerumani, Dresden, wakazungushwa baharini kwa zaidi ya mwezi mmoja hadi waliposhushwa Ufaransa tarehe 20 Mei. Muda wote huo ulimwengu haukujua kama wako hai. Lillian na watoto wakarudishwa Marekani kwa njia ya Ureno. Hawakufika Tanganyika katika safari ile. Mume alibaki upande mmoja wa bahari akiwatunza yatima wa misheni, na mke upande mwingine akiwatunza watoto wao.

Katika Zamzam alikuwamo pia Ralph Hult, mmisionari wa Kilutheri, baba wa watoto kumi. Baada ya kunusurika alisafiri tena, akafika Tanganyika, akafariki Dar es Salaam mwaka 1943. Jina lake limo katika orodha ya waliolala katika utumishi. Mkewe Gladys, aliyebaki Marekani na watoto kumi, hakuitwa shujaa wa misheni, ingawa ujane wake ulikuwa sehemu ya gharama ya Injili katika nchi hii kama lilivyo kaburi la mumewe.

Wanafunzi wa Luther wangepaswa kuyaelewa haya kabla ya watu wengine. Martin Luther alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, wakapata watoto sita. Elisabeth alifariki akiwa mchanga, na Magdalena akafariki mwaka 1542 akiwa na umri wa miaka 13, mikononi mwa baba yake. Ulimwengu unaukumbuka mwaka 1517 na hoja 95. Lakini nyumba ile ya Wittenberg, iliyojaa wanafunzi, wagonjwa na wakimbizi, ililishwa na Katharina, aliyelima bustani, kufuga mifugo, kupika pombe ya nyumbani na kuhesabu fedha ambazo mumewe hakujua kuzihesabu. Luther mwenyewe alifundisha kwamba kazi ya mama anayemwogesha mtoto ni wito mbele za Mungu, na kwamba haizidiwi utakatifu na kazi ya mtawa au kuhani. Fundisho hilo husomwa katika vyuo vya theolojia na kujibiwa katika mitihani. Likitoka chuoni na kuingia katika orodha za kumbukumbu za sharika, mara nyingi husahauliwa.

Sasa turudi Mara, ili kuona mwisho wa safari ya mama wa Bumangi. Kanisa la Mennonite la Tanganyika lilianza kujitegemea mwaka 1960, na mwaka 1967 Zedekia Kisare, mmoja wa matunda ya kwanza ya Shirati, alibarikiwa kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Alta Shenk aliishi kuiona siku hiyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, alifariki katika ajali ya ndege nchini Kenya. Alikuwa ametumia zaidi ya miaka 30 ya maisha yake katika Afrika Mashariki.

Na watoto waliokuwa wakipelekwa bwenini? Joseph Shenk alirudi katika kazi ya misheni Afrika Mashariki, na ndiye aliyeandika masimulizi ya maisha ya Askofu Kisare kama alivyosimuliwa na Askofu mwenyewe, kitabu kilichotoka mwaka 1984. Mtoto wa mmisionari alishika kalamu, na Mwafrika akasema habari zake. David, yule aliyezaliwa mwaka 1937, alikwenda na mkewe Grace kutumika Somalia kwa miaka kumi kuanzia 1963, kisha Kenya. Mwaka 1980 alichapisha kitabu cha mazungumzo ya Uislamu na Ukristo pamoja na mwanachuoni Mwislamu wa Uganda, Badru Kateregga, kila mmoja akieleza imani yake na kumsikiliza mwenzake bila matusi. Haiwezekani kusema ni kiasi gani cha mambo hayo kilipandwa na mama. Lakini mtoto aliyekulia kati ya Wazanaki, akijifunza kwamba jirani asiye wa nyumba yake ana hekima na heshima yake, hakuanza kujifunza kusikiliza siku alipoingia chuo kikuu.

Wapendwa, mama mmisionari wa namna ile hayuko tena Bumangi. Lakini mtu asafiriye leo kutoka Musoma kwenda Bunda, akapinda njia ya Butiama, atakuta kwamba wito wake haujafa. Umebadili tu uso na lugha. Katika Mkoa wa Mara wasichana wamekuwa wakikimbia nyumba za wazazi wao msimu wa ukeketaji unapofika, wengine usiku na bila viatu. Mwaka 2014 nyumba salama ilifunguliwa Mugumu, wilayani Serengeti, chini ya Kanisa Anglikana, ili kuwapokea. Mama wa Kitanzania, Rhobi Samwelly, aliyekeketwa yeye mwenyewe akiwa msichana, ameifanya kazi hiyo ya kuwapokea na kuwapatanisha na wazazi wao katika wilaya za Serengeti na Butiama. Hapo tena yuko mama anayepokea watoto wasio wake, na tena wako mama vijijini wanaolia kwa sababu binti ameondoka. Kazi ngumu zaidi, kama ilivyokuwa katika siku za uamsho, ni ile ya kuwarudisha mezani pamoja.

Nalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji katika miaka ya 1990. Ziko nyumba za wachungaji ambako sasa mume ndiye anayeandikwa "na mumewe". Ni jambo la kutabasamu, lakini pia ni la kuangalia: dhuluma ya kalamu isihamishwe tu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Anayemtegemeza mtumishi wa Mungu nyumbani ana jina alilopewa katika ubatizo, na Mungu humwita kwa jina hilo.

Kwa sababu hiyo hotuba hii inafika mwisho kwa ombi moja, nalo linahusu kitabu hiki chenyewe cha miaka mia moja. Kitakuwa na orodha ya wachungaji waliotumika, orodha ya wainjilisti, na orodha ya wazee wa Usharika tangu mwanzo. Orodha hizo ni njema na zisipunguzwe hata jina moja. Lakini ziongezwe kurasa. Kila jumuiya ikae na bibi na babu waliosalia, iwaulize: mke wa mwinjilisti wa kwanza aliitwa nani? Ni nani aliyepika siku ya kuweka jiwe la msingi? Ni mama gani alichota maji ya kukandia udongo wa kanisa la kwanza, mtoto akiwa mgongoni? Ni nani aliyemzika mtoto wake juma lile ambalo mumewe alikuwa safarini kubatiza watoto wa wengine? Yaya wa nyumba ya misheni alikuwa binti wa nani? Majina hayo yaandikwe kamili, la ubatizo na la ukoo. Na pasipopatikana jina, paachwe mstari mtupu, ili wajukuu waone kwamba hapo palikuwa na mtu na waendelee kutafuta.

Kazi hiyo isiahirishwe. Bibi anayekumbuka jina la mke wa mwinjilisti wa kwanza huenda ni mmoja tu katika Usharika mzima, naye huenda hatakuwapo Krismasi ijayo. Kaburi hufunga na midomo pia.

Hana alikisia kimo cha mtoto, akashona. Mgaya alimtazama mwanawe akiishia njiani kuelekea Musoma. Alta aliwalea wanawe Bumangi na kuwaachia Mungu. Lillian alikuwa baharini na watoto sita. Hakuna kati yao aliyefanya hivyo ili aandikwe. Lakini Usharika uliokula matunda ya wenzao una wajibu wa kuandika, kwa maana shukrani isiyojua jina la mtu ni nusu ya shukrani.

Kwake Mungu Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, aliyewaita watumishi wake kwa majina kabla ya miaka mia hii kuanza, na atakayewaita tena siku ya mwisho, iwe sifa na utukufu sasa na hata milele. Amina.